Siku Tano Tu za Kukausha Benywari

Kigoma, Jumamosi, saa nane mchana.

Binti yangu Faida,

Ni miaka ishirini na sita na miezi kumi na moja tangu nivuke mpaka wa Kavimvira kutoka Kongo nikiwa nimekukumbatia kifuani, wewe ukiwa na miezi minne. Kesho alfajiri utapanda basi la Manyovu, utakatiza Burundi, na Mungu akipenda utavuka mpaka huohuo ukielekea upande wa pili, nyumbani kwetu Uvira, ukiwa na sanduku la vifaa vya bomba na barua ya kazi yenye jina lako. Mimi nilivuka nikiwa na mtoto na ufunguo. Wewe unavuka na ufundi. Nimelifikiria hilo tangu asubuhi, na kila nikilifikiria najikuta nimekaa wima zaidi kwenye kiti.

Sasa hivi umekwenda kuwaaga watu wa kanisani. Mama yako yuko uani anakunja nguo zako kwa mara ya tatu, na kila nguo inamkumbusha agizo jingine. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutompa mtu pasipoti yako ashike, hayo nimemwachia yeye. Mimi nina jambo moja tu la kukueleza. Hapana, nimelikata hilo neno "tu" kwa kalamu, utaliona limepigwa mstari. Soma utajua sababu.

Nina pia swali lako la kujibu. Uliniuliza Jumanne, ukiwa umechuchumaa na brashi mkononi: "Baba, ile ya Uvira nikishaitengeneza, utakuja lini kuiona?" Nikajifanya sikusikia. Nilisikia. Jibu liko mwisho wa barua, na nakuomba usiruke kurasa kulitafuta.

Nianze na chombo chenyewe. Ninyi mliokulia Kigoma mnasema bafu, na bafu kwenu ni chumba na pia ni chombo. Sisi Uvira tuliliokota neno kwa Wabelgiji, tukaligeuza kuwa benywari, na tulipolitamka tulikuwa na maana moja: tangi la maji lenye miguu minne ya chuma, kama nyayo za simba. Sikumbuki hata siku moja kumwona mtu wa nyumba yetu akioga ndani yake. Aliyeijenga nyumba alikuwa Mbelgiji wa kampuni ya pamba. Nadhani yeye alioga. Babu yako alipoichukua nyumba baada ya uhuru, robine za Uvira, yaani mabomba, zilikuwa zimekwisha kuanza tabia yao ya kutoa maji kidogo alfajiri na kukohoa upepo mchana kutwa. Basi bibi yako aliamka saa kumi, akafunga mpira kwenye robine, akakaa kwenye kigoda akingoja ikohoe. Benywari ikijaa aliifunika kwa mbao mbili na kitenge kilichofuliwa. Tulikunywa humo, tulipikia humo, tulioga kwa ndoo zilizotekwa humo. Ilipokuwa imejaa, bibi yako alikuwa na amani. Ilipofika nusu, alianza kutusema.

Makopo na ndoo vya miaka zaidi ya thelathini viliikwangua. Ile ngozi ngumu nyeupe inayong'aa kama sahani ilikuwa imekwisha sakafuni mwake. Palikuwa na rangi ya chai, na kuzunguka tundu la kutolea maji palikuwa na kutu. Bibi yako hakujali. Aliisugua kwa majivu kila Jumamosi na maji yalikuwa safi.

Aliyejali ni mimi, na nitakuambia kwa nini. Babu yako wa Mutarule, baba wa mama yako, alipokuja mara ya kwanza kuona binti yake amefikia wapi, alipelekwa kunawa mikono. Akarudi sebuleni na uso wa mtu aliyegundua jambo.

"Mwalimu," akasema, "kibumbiro nimeiona. Sasa ng'ombe iko wapi?"

Kibumbiro kwao ni birika la kunyweshea ng'ombe. Watu walicheka mpaka bibi yako akajifuta machozi. Mama yako alicheka kuliko wote. Mimi pia nilicheka, kwa mdomo. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, nimesoma vitabu ambavyo wilaya nzima haikuvisoma, na mkulima wa mpunga alikuwa ameniuliza ng'ombe wangu wako wapi.

Ulipotimiza miezi minne, wazee wa Mutarule wakatuma habari kwamba watakuja kumhemba mama yako, ndivyo wanavyoita ile ziara ya kumletea mzazi vinywaji na vyakula. Walisema watakuja Jumapili ya wiki iliyofuata. Nikaamua wataikuta benywari nyeupe.

Nilikwenda Kalundu kwa mafundi wa mitumbwi kununua rangi. Aliyeniuzia aliuliza, "Mwalimu, ni ya mutumbwi ao ya nini?" Nikamwambia. Hakucheka. Alisema, "Ukwangue kwanza, mpaka isingae tena hata kidogo. Rangi haishikake pa kitu chenye kungaa. Kisha siku tano bila maji." Nikamshukuru kama mtu anayemshukuru mwanafunzi kwa kumkumbusha jambo analolijua.

Bibi yako alinikuta nimeng'oa kizibo, maji yanateremka yakiguguma.

"Weye! Maji ya mutoto itakaa wapi?"

"Mama, ni siku tano tu."

Ndilo neno lenyewe, Faida. Nimefundisha lugha maisha yangu yote na sijui neno fupi lililonigharimu kama hilo. Mtu akilitia mwishoni mwa ahadi, siku tano huonekana kama si kitu, na yule anayeuliza maji yatakaa wapi huonekana msumbufu. Bibi yako alijaza sufuria moja na birika moja, akarudi jikoni.

Sikukwangua. Nilipitisha kitambaa chenye sabuni, nikangoja pakauke, nikapaka. Ilipendeza sana. Ilikuwa nyeupe kama daftari jipya. Nilimwita mama yako aje aone, naye akaja amekupakata, akatazama, akasema, "Sasa ng'ombe atafurahi."

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza ya kukausha. Siku ya pili watu walianza kuteremka kutoka bondeni na magodoro kichwani, wakisema kuna mapigano upande wa kaskazini. Jirani yetu Papa Jeremi, aliyekuwa akibadilisha pesa Kavimvira, alipita dirishani kwangu na familia yake yote nyuma yake.

"Mwalimu, mutatoka saa ngapi?"

"Kesho. Rangi haijakauka."

Alisimama. Alinitazama kama nimesema Kilatini. "Bantu banavuka, na weye uko nangoja rangi?"

"Kesho tu, Papa Jeremi."

Siku ya tatu robine haikukohoa hata upepo. Mizinga ilisikika toka asubuhi, na kila ilipolia vioo vililia pamoja nayo. Sufuria ilikuwa imekwisha. Birika lilikuwa na maji ya kikombe kimoja. Mama yako alikuwa na joto la homa na maziwa yalikuwa yamekauka. Wewe ulilia mpaka ukawa hutoi sauti, unafungua mdomo na kuufunga. Na pale bafuni, hatua sita kutoka kitandani, palikuwa na chombo kinachobeba maji ya familia kwa siku nne, kitupu, cheupe, kinanuka rangi ya mitumbwi.

Bibi yako alichukua bidon, dumu la lita ishirini. Nikasema niende mimi. Akasema mwanaume mwenye nguvu akionekana barabarani atakamatwa abebeshwe risasi, lakini mwanamke mzee hatazamwi na mtu. Alisema kweli. Lakini nakuandikia yote: aliposema vile, nilishukuru moyoni. Nilimfungulia mlango mwenyewe.

Alikwenda mpaka mto Mulongwe. Kwa siku ya kawaida ni mwendo mfupi. Alitoka asubuhi akarudi saa tisa, bidon kichwani, magoti yote matope, kiatu kimoja hakipo. Hakueleza alichokiona na sisi hatukumwuliza. Alitua mzigo akasema, "Mpe mama ya mutoto kwanza." Tuliyachemsha maji yale kwa kuni za miguu ya meza niliyokuwa nikisahihishia madaftari. Mama yako alikunywa, akalala, akanywa tena. Kabla ya jua kuzama ulinyonya. Nilikwenda bafuni nikagusa rangi kwa kidole. Bado ilinata.

Ulikuwa ukiniuliza ulipokuwa mdogo kwa nini bibi hakuja nasi, nami nikakujibu kwamba alibaki kutunza nyumba. Si uongo, lakini nilikata kipande. Magoti yale yaliyokwenda Mulongwe na kurudi hayakuweza kwenda Kavimvira. Asubuhi ya siku ya nne, tulipofunga mizigo, alikuwa ameyakanda kwa maji ya moto na hayakukunjika.

"Minye sivuke," akasema. "Magoti haitaki. Na nyumba ikikosa muntu, itapata mwenyewe mwingine. Muende na mutoto."

"Wiki moja tu, Mama. Hali itatulia."

Nilidhani atalia. Akasema, "Sawa. Mutakuta maji."

Akanipa ufunguo wa mlango wa nyuma, ule uliouweka jana kwenye mfuko wa sanduku lako.

Wiki moja ikawa Gatumba ya Burundi, Gatumba ikawa kambi, kambi ikawa chumba cha kupanga hapa Kigoma na kibarua cha kufundisha jioni. Sikusahau ahadi. Nataka unielewe vizuri hapa, kwa sababu ningeisahau ningekuwa na kosa jepesi zaidi. Niliikumbuka kila mwaka na kila mwaka niliisogeza. Ngoja karatasi zitoke tu. Ngoja Faida aanze shule tu. Kisha vita ya pili ikaja, na ile ilikuwa sababu ya kweli, lakini nilikwisha kuzoea sababu kiasi kwamba niliipokea kama mgeni niliyekuwa namtazamia.

Mwaka wa sita Papa Jeremi alikuja Kigoma kununua chumvi, akanitafuta. Alikuwa amerudi Uvira siku nyingi, nyumba yake iko ukuta kwa ukuta na yetu. Tulikaa pale nje, mama yako akampa chai, na alizungumza habari zote za mtaa kabla ya kufika kwetu. Ndipo nikajua.

Bibi yako alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma. Ile rangi yangu, alisema Papa Jeremi, haikumaliza mwezi. Mara tu alipoitia maji iliinuka kama utando juu ya maziwa, ikaelea vipande vipande. Bibi yako alikwangua yote iliyobaki kwa kisu cha kumenyea mihogo, akisugua kwa mchanga na majivu, kila siku kidogo, akikaa kwenye kigoda kwa ajili ya magoti. Alipomaliza alijaza maji. Na tangu siku hiyo hakuiacha ikauke. Wakati wa vita ya pili, robine zilipokufa na njia ya mtoni ikawa haipitiki, nyumba saba za mtaa ule zilikunywa kwenye benywari yetu, kila nyumba ndoo moja, na yeye akisimamia kwa fimbo.

"Na kila muntu akiuliza juu ya nini anajaza hivi," Papa Jeremi akasema, "alikuwa anajibu: mwalimu anarudi wiki hii."

Kisha akaongeza, akitazama kikombe: "Ile asubuhi alikufa alikuwa ameijaza. Maji tulimwoshea ilikuwa yake mwenyewe."

Sikukuambia haya ulipokuwa na miaka sita, wala kumi na sita. Nilikuwa nakusubiri ukue, halafu nilikuwa nasubiri tu.

Sasa nije kwako, maana barua hii si ya kuomboleza.

Mwezi uliopita ulikuja nyumbani na mkokoteni, juu yake bafu la chuma lililotolewa kwenye nyumba ya wageni iliyobomolewa. Lilikuwa limechubuka, lina kutu tunduni, limepasuka ngozi upande mmoja. Ulisema, "Mama ana maumivu ya mgongo, nataka kabla sijaondoka awe na mahali pa kulala ndani ya maji ya moto." Mama yako alisema umerukwa na akili. Mimi niliiona ile miguu minne, nikavuta kiti mpaka mlangoni.

Nilikaa mlangoni wiki nzima nikijifanya nasoma. Nilikuona unaosha mafuta na sabuni yote kwa magadi, mara mbili, kisha mara ya tatu mahali ambapo mimi ningeapa pamekwisha takata. Nilikuona na msasa uliolowa, siku mbili kamili, unasugua ule mng'aro mpaka ukafa, mpaka chuma chote kikawa na rangi ya jivu, na nilisikia sauti ya fundi wa Kalundu kana kwamba yuko nyuma ya kiti changu. Ulijaza mashimo, ukasugua tena. Ulipitisha kiganja ukiwa umefumba macho, kwa sababu, ulisema, jicho linadanganyika, mkono haudanganyiki. Ulichanganya rangi na kikaushio chake kwa kupima, ukafunga kitambaa puani, ukafungua madirisha yote, ukapaka nyembamba, ukangoja, ukapaka nyembamba tena. Uliponikuta nimesogea ulipiga kelele, "Baba, usiguse bwana! Wewe mzee huaminiki!"

Niligusa. Unajua. Alama ya dole gumba langu ipo upande wa robine. Nilitaka kuhakikisha kama inanata. Ulipoiona ulishika kiuno, ukanitazama, kisha ukacheka. "Nitaiacha," ukasema. "Ni sahihi ya mwalimu."

Lakini si hayo yaliyonifanya niandike. Ni jambo ulilolifanya kabla hujagusa msasa, na nina hakika hulikumbuki. Siku ile ya kwanza ulisimama katikati ya bafu letu dogo, ukatazama ndoo zetu mbili za akiba zilizokaa mahali ambapo benywari ingekaa, ukauliza: "Hizi nikizitoa, maji ya siku saba yatakaa wapi?" Hukumwuliza mtu hasa. Ulikwenda kwa jirani ukaazima mapipa mawili, ukayasugua, ukayajaza mpaka juu, ukayafunika. Ndipo ukaanza kazi.

Nilisema nakwenda kutafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama pale penye mipapai. Hakuna aliyekufundisha swali lile. Mimi sikukufundisha, nilikuwa nimeliona kama usumbufu. Limeruka juu ya kichwa changu, kutoka kwa bibi yako hadi kwako. Katika mambo yote niliyoyaona tangu niondoke Uvira, hilo ndilo lililonifanya nijione mtu mwenye bahati.

Basi ukifika, utaikuta. Papa Jeremi, anayetushikia nyumba tangu bibi yako alipofariki, anasema haijatikisika, ila imechakaa mpaka chuma. Utajua la kuifanya kuliko mimi. Ninalokuomba ni kwamba ikishakauka kabisa, jaza mapipa kwanza, kisha siku moja uijaze maji ya moto na ulale ndani yake mpaka vidole vikunjamane. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuoga humo. Uwe wa kwanza. Bibi yako angekusema kwa kupoteza maji, halafu angekwenda kuwasimulia majirani.

Na sasa swali lako. Najua jibu ulilotaka. Jana nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba utanitengea chumba cha mbele, chenye dirisha la ziwani. Ningeweza kukuandikia kwamba nitakuja mwakani, magoti yakipona. Mimi nami sasa nina magoti. Ungefurahi. Ungeweka kitanda, ungeweka shuka, na kila Papa Jeremi akikuuliza ungemjibu kwamba Baba anakuja. Nimekwisha kumfanya mwanamke mmoja katika nyumba ile ajaze maji kwa miaka sita akiningoja. Sitamfanya wa pili.

Niliahidi kurudi kwa mtu ambaye hayupo tena, na yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuniona nikiingia. Hapa nina mama yako, nina wanafunzi wangu wa jioni, nina bafu lenye alama ya dole langu. Chumba cha mbele kitumie wewe. Dirisha lake lifungue asubuhi.

Faida, sitarudi Uvira.

Baba yako